MBARAKA MWINSHEHE: MPIGA GITAA WA BENDI MBILI

1. Reli na muziki

Reli ya kati inaanzia Dar es Salaam na kuishia kwetu Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Reli hiyo ilifika Morogoro mwaka 1907. Ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1914 ilifika Kigoma.

Watu wa Katubuka, Gungu, Mwanga na Ujiji wanaijua kazi ya reli hiyo. Imeleta nguo, sabuni na saruji. Imepeleka dagaa na mafuta ya mawese. Lakini reli ilibeba kitu kingine pia. Ilibeba muziki. Santuri zilisafiri katika masanduku ya abiria. Wapigaji walisafiri na magitaa yao. Mji wa Tabora ulikuwa na Tabora Jazz. Mji wa Morogoro ulikuwa na bendi mbili kubwa, Morogoro Jazz na Cuban Marimba.

Sisi wa Kigoma tulipata muziki kutoka pande mbili. Upande wa mashariki ulitujia kwa reli. Upande wa magharibi ulivuka ziwa kutoka Kongo. Kwa hiyo mtu wa Kigoma amezoea kusikiliza na kulinganisha.

Katika somo hili tutasoma maisha ya Mbaraka Mwinshehe. Huyu alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa. Alifanya kazi katika bendi mbili. Ya kwanza aliikuta imekwisha kuanzishwa na wengine. Ya pili aliianzisha mwenyewe. Wapenzi wa muziki wa zamani bado wanabishana. Wengine husema Mbaraka wa bendi ya kwanza ndiye bora. Wengine husema Mbaraka wa bendi ya pili ndiye bora. Tutatazama hoja za pande zote mbili. Kisha tutaona ubishi huo unatufundisha nini.

2. Kijana wa mwaka 1944

Jina lake kamili lilikuwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika, na ilitawaliwa na Waingereza.

Mbaraka alikua katika miaka ambayo dansi lilikuwa linaenea mijini. Vijana walisikiliza santuri za muziki wa Kuba. Walisikiliza pia rumba ya Kongo. Kisha wakachukua magitaa, wakatunga nyimbo kwa Kiswahili. Hivyo muziki wa dansi wa Tanzania ukapata sura yake.

Morogoro ulikuwa mji wa mbele katika kazi hiyo. Hapo aliishi Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba. Salum alikuwa mwimbaji mwenye sifa kubwa. Vijana wengi walitamani kuwa kama yeye. Bendi yake ilishindana na Morogoro Jazz, ambayo ilikuwapo tangu miaka ya 1940.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa kijana wa kama miaka 20. Nchi ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bendi nyingi zilikuwa zinazaliwa. Mwaka 1964, kwa mfano, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz.

3. Kazi ndani ya Morogoro Jazz

Kwanza tuelewe jinsi bendi ya dansi inavyofanya kazi. Bendi ina magitaa kadhaa. Kuna gitaa la solo. Hilo ndilo linaloongoza na kupamba wimbo. Kuna gitaa la ridhimu. Hilo linashika mwendo. Kuna gitaa la besi, lenye sauti nzito ya chini. Kuna ngoma. Mara nyingi kuna saksafoni. Kisha kuna waimbaji, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia.

Hakuna chombo kinachoweza kufanya kazi zote. Solo bila ridhimu ni kama mtumbwi bila kafi. Ridhimu bila solo ni kama mboga bila chumvi. Kila mpigaji anamtegemea mwenzake.

Katika bendi nyingi za wakati ule, vyombo havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya klabu, ya chama au ya mwenye bendi. Mpigaji alikuja na ufundi wake tu. Akiondoka, aliliacha gitaa nyuma. Jina la bendi nalo lilibaki nyuma.

Mbaraka alijifunza haraka. Muda si mrefu akawa mpiga solo mkuu wa Morogoro Jazz. Tena akawa mtunzi mkuu na mwimbaji wa mbele. Watu walimpa jina la Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa. Hilo ni jina kubwa kwa kijana ambaye hajafika miaka 30.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo za bendi na kuzitangaza nchi nzima. Mtu wa Kasulu au Kibondo ambaye hajafika Morogoro hata siku moja aliijua sauti ya Mbaraka. Morogoro Jazz ikawa bendi ya kila mahali penye redio.

4. Mwaka 1970 na mwaka 1971

Mwaka 1970 Rais Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wengi walianza kushika kalamu mwaka huo. Kwa Morogoro Jazz pia ulikuwa mwaka mkubwa. Bendi ilisafiri hadi Japani. Huko, katika mji wa Osaka, yalifanyika maonyesho ya dunia yaliyoitwa Expo 70. Nchi nyingi zilipeleka bidhaa zao, picha zao na ngoma zao. Tanzania ilipeleka Morogoro Jazz. Mbaraka alitunga wimbo juu ya safari hiyo.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Bendi ya mji wa mkoani ilisimama mbele ya watu wa dunia. Haikuimba Kiingereza. Iliimba Kiswahili. Siku hizo Mbaraka hakusimama kwa jina lake peke yake. Alisimama kwa jina la bendi, na bendi ilisimama kwa jina la nchi.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo la huzuni. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Dk. Wilbert Kleruu aliuawa kwa risasi huko Isimani. Yeye alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Aliuawa na mkulima mmoja katika ugomvi uliotokana na mashamba ya ujamaa. Nchi ilishtuka. Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wa kumwomboleza.

Nyimbo hizi mbili zinaonyesha kazi ya bendi katika miaka ile. Bendi ilikuwa kama mpiga mbiu wa kijiji. Likitokea jambo la furaha, iliimba. Likitokea jambo la msiba, iliimba. Nyimbo za mapenzi zilikuwapo pia, tena nyingi. Lakini watu walipotaka kusikia habari za nchi katika muziki, walilitegemea dansi.

5. Mwaka 1973: Mbaraka anahama

Mwaka 1973 redio ilikuwa na kazi kubwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa inaendelea. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Mwaka huo huo wapenzi wa dansi walipata habari nyingine. Mbaraka Mwinshehe alikuwa ametoka Morogoro Jazz. Ameanzisha bendi yake, Orchestra Super Volcano. Neno Volcano maana yake ni mlima wa moto.

Mpigaji kuhama bendi halikuwa jambo geni. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wameliona mapema. Huko Kongo ilikuwapo bendi kubwa iliyoitwa African Jazz, chini ya Kabasele, aliyejulikana kama Grand Kallé. Mwaka 1963 mwimbaji Tabu Ley na mpiga gitaa Dr. Nico waliiacha, wakaunda African Fiesta. Mpigaji mmoja wa Kongo, Franco, alifuata njia nyingine. Alianza na bendi ya OK Jazz mwaka 1956 akiwa kijana. Alibaki nayo mpaka alipofariki mwaka 1989.

Kwa hiyo mpigaji mwenye sifa alikuwa na njia mbili. Alibaki na kundi na kukua pamoja nalo, au alitoka na kujenga lake. Mbaraka alichagua njia ya pili baada ya kukaa karibu miaka minane katika Morogoro Jazz.

Njia hiyo haikuwa rahisi. Mtu anayeanzisha bendi hatafuti sauti nzuri tu. Anatafuta vyombo. Anatafuta wapigaji na kuwalipa. Anatafuta gari, ukumbi na chakula cha njiani. Dansi likikosa watu, hasara ni yake. Mpigaji akiugua, mzigo ni wake. Zamani Mbaraka alibeba gitaa. Sasa alibeba gitaa na bendi nzima.

6. Tulinganishe bendi hizi mbili

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe. Kazi ipi ni bora? Tutazame mambo manne.

Jambo la kwanza ni sauti. Hapa hakuna tofauti kubwa. Sauti ya Mbaraka ilikuwa ile ile. Ni sauti iliyotulia, inayotamka kila neno wazi. Mtu hahitaji kuuliza mwimbaji amesema nini. Alikuwa nayo Morogoro Jazz. Akahama nayo Super Volcano.

Jambo la pili ni gitaa. Hapa tofauti inasikika. Katika nyimbo nyingi za Morogoro Jazz, gitaa la solo linajibizana na waimbaji na saksafoni. Linaingia, linasema neno lake, linawapisha wengine. Katika Super Volcano, Mbaraka alijipa nafasi zaidi. Santuri ndogo za wakati ule zilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ulianza upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa nafasi ya magitaa. Waimbaji walipunguza maneno, na solo ikapanda. Watu waliopenda kucheza waliufurahia sana upande huo.

Jambo la tatu ni habari za nyimbo. Tumeona kwamba katika Morogoro Jazz alitunga juu ya Osaka na juu ya kifo cha Dk. Kleruu. Wimbo wa Super Volcano unaojulikana kuliko zote unaitwa Shida. Huo hauzungumzi juu ya maonyesho wala kiongozi. Unazungumza juu ya taabu za maisha ya mtu. Kila mtu mwenye shida alidhani umetungwa kwa ajili yake. Ndiyo maana ulipendwa Tanzania, ukapendwa pia Kenya. Hatusemi kwamba Morogoro Jazz haikuimba juu ya maisha ya watu. Iliimba. Lakini wimbo wa Shida ulionyesha kwamba Mbaraka amekomaa. Aliweza kusimama mbele ya watu kama mtu mmoja anayezungumza na mwenzake.

Jambo la nne ni kundi. Morogoro Jazz ilikuwapo kabla ya Mbaraka. Ilikuwa na desturi zake, wazee wake na wapigaji waliozoeana. Mbaraka alipokosea, wengine walimfunika. Walipokosea wengine, yeye aliwafunika. Super Volcano ilikuwa bendi ya mtu mmoja mwenye jina. Watu walikwenda kwenye dansi kumtazama Mbaraka. Hiyo ilikuwa nguvu ya bendi hiyo. Nayo ndiyo iliyokuwa hatari yake, kama tutakavyoona.

Kwa hiyo, kazi ipi ni bora? Mwandishi wa somo hili anaona hivi. Ukitaka kusikia bendi iliyoshikana, sikiliza Morogoro Jazz. Ukitaka kusikia gitaa la Mbaraka limefunguliwa kamba, sikiliza Super Volcano. Lakini usisahau kwamba Super Volcano ilizaliwa na Morogoro Jazz. Ufundi aliouonyesha baada ya mwaka 1973 aliupata kwa kupiga na wenzake kabla ya mwaka huo. Mti unaozaa shambani kwako ulianza katika kitalu.

Na Morogoro Jazz je? Iliendelea bila Mbaraka, lakini haikupata tena sifa iliyokuwa nayo wakati wake. Yeye alipata jina jipya, na bendi yake ya zamani ikafifia.

7. Ajali ya Januari 1979

Super Volcano ilipata mashabiki wengi Kenya. Mbaraka alikuwa akienda huko kupiga na kurekodi. Santuri zake ziliuzwa Nairobi, Mombasa na kwingineko.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka alipata ajali ya gari huko Mombasa. Alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Wakati huo Tanzania ilikuwa katika Vita vya Kagera, na familia nyingi zilikuwa na wasiwasi juu ya vijana wao walioko vitani. Habari ya kifo cha Mbaraka ikaongeza huzuni juu ya huzuni.

Aliongoza Super Volcano kwa muda usiofika miaka sita. Baada ya kifo chake bendi hiyo haikuweza kusimama kama zamani. Wapigaji walikuwapo. Nyimbo zilikuwapo. Lakini watu walikuwa wamezoea kumfuata Mbaraka, na Mbaraka hayupo.

Huko Kenya nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa tena katika santuri kubwa zilizoitwa Ukumbusho. Hapa kwetu kanda za Radio Tanzania zilihifadhi sauti yake, na bado hutangazwa na TBC. Mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya mwaka 1979 anaweza kuisikia leo.

8. Tunajifunza nini

Turudi nyuma kidogo, mpaka mwaka 1965. Mwaka huo Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki. Yeye pia alifariki kwa ajali ya barabarani. Mji mmoja wa Morogoro ulipoteza hivyo waimbaji wawili wakubwa katika muda wa miaka 14.

Lakini bendi zao hazikupata mwisho mmoja. Salum alipofariki, Cuban Marimba haikufa. Mwenzake, Juma Kilaza, alishika uongozi. Bendi iliendelea kupiga, na Kilaza mwenyewe akapata sifa. Mbaraka alipofariki, Super Volcano haikumpata mtu wa kushika nafasi yake kwa namna hiyo.

Hatusemi haya kumlaumu marehemu. Alikuwa bado kijana. Mtu wa miaka 34 hafikirii kwamba kesho hatakuwapo. Pia, mpigaji kama yeye hapatikani kila siku. Lakini jambo hili linatuhusu hata sisi tusiopiga gitaa.

Fikiri juu ya kikundi cha wavuvi wa dagaa hapa ziwani. Wana mtumbwi, wavu, taa na injini. Lakini anayejua kutengeneza injini ni mmoja. Anayejua kuandika hesabu ni huyo huyo mmoja. Siku akiugua, mtumbwi unalala ufukweni. Fikiri juu ya kikundi cha akina mama wanaokamua mawese. Mmoja tu anajua kusoma mizani, na mmoja tu anamjua mnunuzi. Siku akihama, biashara inahama naye.

Kikundi chenye mtu hodari kina bahati. Mtu huyo asizuiwe kung'aa. Kama anataka kwenda kujitegemea, aende kwa amani, maana hata Mbaraka alikua kwa kwenda. Lakini kikundi kimwombe jambo moja mapema: awafundishe wengine. Aandike anayoyajua katika daftari. Amweke kijana pembeni yake. Solo ipige, lakini ridhimu nayo ijifunze solo.

Mbaraka alituachia nyimbo. Bendi zake mbili zimetuachia fundisho. Ukisikia sauti yake redioni, sikiliza kwanza maneno. Kisha sikiliza magitaa yaliyo nyuma yake. Hao ni wenzake, na bila wao wimbo usingekuwapo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Santuri: sahani nyeusi inayohifadhi muziki na kupigwa kwa gramafoni.
Solo: gitaa linaloongoza na kupamba wimbo.
Ridhimu: gitaa linaloshika mwendo wa wimbo.
Mtunzi: mtu anayebuni maneno na sauti ya wimbo.
Kufifia: kupungua nguvu au sifa polepole.
Kitalu: mahali pa kuotesha miche kabla ya kuihamishia shambani.

MASWALI

1. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka gani? Alifariki mwaka gani? Alikuwa na umri gani?
2. Morogoro Jazz ilikwenda nchi gani mwaka 1970? Ilikwenda kufanya nini?
3. Taja mambo manne tuliyotumia kulinganisha Morogoro Jazz na Super Volcano.
4. Cuban Marimba iliendelea baada ya kifo cha Salum Abdallah. Ni nani aliyeiongoza?

MAJADILIANO

1. Wewe unapenda kazi ipi ya Mbaraka, ile ya Morogoro Jazz au ile ya Super Volcano? Toa sababu mbili.
2. Katika kikundi chako, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Mfanye nini ili watu watatu waijue kabla ya mwaka kwisha? Andikeni mpango wenu katika daftari la kikundi.